Meno ya Marehemu

Kama wiki iliyopita hukunisoma, habari ni hii: nilimuua mtu kwa kalamu, kisha Jumatatu akaja kazini kwangu kupimwa meno.

Nieleze upesi, maana ya leo ni mabaya zaidi.

Mimi ni fundi wa meno ya bandia. Nakaa chumba cha nyuma cha kliniki ya meno na jiko langu, plasta yangu na nta yangu. Daktari anapima fizi za mgonjwa, mimi natengeneza meno. Hiyo ndiyo kazi inayonilisha. Inayonifilisi ni santuri.

Na si santuri za asili, maana hizo wenye nazo huzishika kama mayai. Mimi hukusanya matoleo mapya ya rekodi za kale: jazi, bluzi, na wapiga piano wa muziki wa klasiki waliorekodiwa enzi za babu zetu. Zinasafishwa mikwaruzo, zinachapwa upya, zinatiwa kwenye jalada nene, na nyuma ya jalada kuna maelezo marefu ya maisha ya mpigaji. Mimi husoma maelezo kwanza, ndipo niweke sindano. Ndiyo maana wenzangu wa Chama cha Sindano, kikundi chetu cha wakusanyaji, wananiita Majalada.

Chama kilipopata bahati ya kutoa upya santuri ya bendi moja ya jazi ya hapa hapa mjini, hakuna aliyeuliza nani ataandika maelezo. Nikaandika. Mpiga tarumbeta wa bendi ile, aliyejulikana kwa jina la Pumzi, nikamwandika kwamba alifariki peke yake katika chumba cha kupanga, tarumbeta yake ikiwa kifuani.

Ushahidi sikuwa nao. Nilikwenda kwenye nyumba aliyowahi kuishi, nikabisha hodi, mbwa akabweka, nikarudi zangu. Lakini maelezo lazima yawe na mwisho, na katika majalada yangu yote hakuna mpigaji aliyezeeka vizuri akafuga kuku. Wote hufa, tena vibaya. Nikampa Pumzi kifo kizuri kuliko vyote, na nilipomaliza kukiandika nililia mwenyewe.

Jumatatu, mzee mmoja kibogoyo akaketi kwenye kiti cha Daktari. Akatoa picha yake ya ujana, akaomba tumtengenezee meno yenye mwanya kama ule aliokuwa nao zamani. Ilikuwa picha ileile niliyoiweka kwenye jalada.

Nikanyamaza. Wasomaji kadhaa wamelalamika: kwa nini hukusema palepale? Mna haki. Ngojeni mwone nilivyoendelea kunyamaza.

Mzee alirudi Jumatano kujaribu meno yakiwa bado kwenye nta. Alikuja na mfuko wa kitambaa, akauweka mapajani, na Daktari alipotoka kwenda kumhudumia mgonjwa mwingine akaufungua.

"Fundi, usicheke," akasema.

"Sicheki, mzee."

Akatoa tarumbeta. Ilikuwa imesuguliwa mpaka rangi imeanza kutoka.

"Nataka nijue kama nitaweza kupulizia meno haya."

"Haya bado ni nta, mzee. Ukipuliza yataruka mpaka ukutani."

"Basi niguse tu."

Akaegemeza midomo kwenye tarumbeta bila kupuliza. Vidole vikaanza kubonyeza. Sauti haikutoka, lakini mimi niliusikia wimbo wote kichwani, kwa sababu kwa muda wa miezi nimekuwa nikiupiga nyumbani mpaka mke wangu akatishia kuhama. Ulikuwa wimbo wa kwanza, upande wa kwanza, na vidole vyake havikukosea popote.

Mpaka dakika ile nilikuwa najidanganya kwamba huenda ni ndugu yake, huenda picha aliiokota.

"Mzee," nikasema, nikijifanya natafuta kitu kwenye droo, "siku hizi unafanya shughuli gani?"

"Nafuga kuku."

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

"Wengi?"

"Wanatosha kunisumbua. Fundi, haya meno yatakuwa tayari lini?"

"Mbona una haraka hivyo?"

Akairudisha tarumbeta mfukoni taratibu.

"Mke wangu masikio yanamwishia. La kulia lilishafunga. La kushoto, daktari wake anasema linaweza kuondoka wakati wowote, tusishangae akiamka nalo halipo. Sasa yule mama, mwanangu, alinifuata kwa sababu ya wimbo mmoja. Tangu meno yaanze kung'oka sijampigia. Nataka ausikie mara moja tu kutoka kwangu, sikio likiwa lingali lake. Baada ya hapo, hata nikiyatumia kutafuna mifupa, ni sawa."

Mtu mwenye haya angepiga magoti. Mimi nilisema, "Ijumaa yatakuwa tayari."

Na yalikuwa tayari kabla ya Ijumaa. Alhamisi asubuhi niliyatoa kwenye sufuria ya kuchemshia, nikavunja plasta, nikayasugua mpaka yakang'aa. Sijawahi kutengeneza meno mazuri kama yale. Mwanya ulikuwa palepale ulipokuwa kwenye picha. Niliyaweka kiganjani, yakawa yananichekea, na nikajiambia: leo nakwenda kusema ukweli, liwalo na liwe.

Mchana nikaomba ruhusa, nikaenda kwa Mwenyekiti wa Chama. Anauza vioo na fremu, na nyuma ya duka lake ana ukumbi ambamo Jumamosi tungeizindua santuri. Nilimkuta na nyundo mkononi.

"Majalada! Umekuja wakati mzuri. Tazama."

Alikuwa ameikuza picha ya Pumzi ikawa kubwa kama mlango. Kijana anacheka, mwanya unaonekana, na kwenye kona ya fremu pamefungwa utepe mweusi.

"Imependeza?"

"Imependeza. Mwenyekiti, hivi, kama kungekuwa na kosa dogo kwenye maelezo yangu?"

"Kosa gani? Nukta?"

"Kubwa kuliko nukta."

"Ndugu yangu, majalada yameshachapwa. Yako kwenye maboksi hayo unayoyaegemea."

Nikaacha kuyaegemea.

"Tuseme, kwa mfano tu, Pumzi yuko hai."

Mwenyekiti akacheka mpaka akaweka nyundo chini.

"Basi nitamwomba avumilie kufa mpaka Jumapili!" Akajifuta machozi, kisha akanishika bega. "Sikiliza nikwambie kitu. Unajua kinachowaleta watu hapa Jumamosi? Si tarumbeta. Ni aya yako ya mwisho. Nimemsomea mama yangu, akalia. Nimewasomea watu wa redio kwenye simu, wakaniambia wanakuja wenyewe. Ukikiondoa kile kifo, nabaki na vijana waliokuwa wanapiga muziki wakati ule, basi. Wewe una kipaji, Majalada."

Sasa hapa ndipo ninapoona aibu kuliko pote, na ningeweza kupaficha, lakini nilishaahidi kwamba hadithi hii nitaisimulia yote. Nilifurahi. Nilisimama mbele ya picha ya mtu niliyemuua akiwa hai, meno yake yakiwa kwenye sanduku kazini kwangu, na nikafurahi kusifiwa kifo chake.

"Asante, Mwenyekiti," nikasema.

Nikarudi kazini nikiwa nimekata kauli. Mzee asipate meno mpaka santuri izinduliwe. Akiyapata kabla, atapuliza barazani kwake, mtu atasikia, maneno yatafika mjini. Lakini yakipita ya Jumamosi, Jumatatu nitamwendea taratibu na meno yake, nitamweleza, tutayamaliza kiutu uzima. Siku mbili tatu zitamdhuru nini? Niliuliza hivyo kana kwamba silijui sikio la mkewe.

Ijumaa asubuhi mzee alifika amevaa koti lililopigwa pasi. Mfuko wa tarumbeta ulikuwa begani.

"Mzee, samahani sana," nikasema. "Meno yamepasuka kwenye sufuria."

"Yamepasuka?"

"Katikati. Ni moto. Hutokea."

Akakaa. Akaushusha mfuko. Kibogoyo akihuzunika mashavu huzama zaidi, na niliyatazama mashavu yale yakizama.

"Ni mimi niliyekusumbua na habari ya mwanya," akasema.

"Hapana, mzee."

"Labda mwanya ndio uliofanya yakawa dhaifu. Ningejua ningekuacha utengeneze ya kawaida. Mtu mzima anataka mwanya wa nini?"

"Si mwanya, mzee. Ni moto."

"Basi lini?"

"Jumatatu."

"Jumatatu." Akasimama, akautupia mfuko begani. "Haya. Nitamwambia asilitumie sana lile sikio mpaka Jumatatu."

Alisema kwa mzaha, ili mimi nisijisikie vibaya. Alikuwa ananibembeleza mimi! Akanipa mkono, akaondoka.

Daktari alikuwa mlangoni, glavu zikiwa zingali mikononi.

"Fundi, tangu nikujue hujawahi kupasua meno."

"Moto, Daktari."

"Moto," akasema, akanitazama zaidi ya nilivyopenda. "Masikini yule mzee. Lazima nitafute namna ya kumwomba radhi."

Laiti ningeuliza namna gani.

Jioni ile mke wangu alikuwa anapiga brashi koti langu la kuvalia Jumamosi. Mimi nilikuwa sebuleni napanga santuri, kazi ninayoifanya kila nafsi inaponisuta. Nikasikia kimya. Mke wangu akinyamaza ghafla, jua kuna jambo.

Akaingia ameshika kile kitambaa laini ninachofutia santuri. Ndani yake mlikuwa na meno.

"Haya ni ya nani?"

Niliogopa kuyaacha kazini, Daktari asije akayaona. Sikufikiria kwamba nyumbani nako kuna macho.

"Ya mgonjwa."

"Na mgonjwa leo anatafunia nini?"

Nikaipuliza vumbi santuri iliyokuwa mkononi.

Akayageuzageuza kwenye mwanga. "Yana mwanya. Nani anaagiza mwanya?"

"Kuna mzee mmoja."

"Na meno ya mzee mmoja yanafanya nini kwenye koti lako la sherehe?"

"Nampelekea kesho, njiani."

Uongo ukishaanza hauna haja ya kusukumwa. Mke wangu akayakunja vizuri, akayarudisha mfukoni mwa koti. Kisha akasimama mbele ya rafu zangu, mikono kiunoni.

"Unajua nimegundua nini? Watu wako wote hawa wamekufa. Huyu kafa hotelini, huyu kazikwa bila jiwe, huyu wa piano kafa na deni. Ndiyo maana unawapenda. Hawakurudishii maneno." Akacheka, lakini akaacha kucheka upesi. "Huyu wako mpya, Pumzi, nimemsoma leo kwenye rasimu yako. Nimelia jikoni peke yangu. Kweli hakuwa hata na mke wa kumfumba macho?"

"Ndivyo ilivyoandikwa," nikasema.

"Si umeandika wewe?"

Nikajifanya natafuta nafasi ya santuri kwenye rafu.

Jumamosi alasiri ukumbi ulifurika. Wakusanyaji wa Chama cha Sindano walikuwa mbele, wale wanaoweza kubishana nusu siku kuhusu unene wa plastiki. Watu wa redio walikuja na vinasa sauti. Majalada ya kumwaga yalipangwa mezani. Picha ilifunikwa shuka jeupe, na utepe mweusi ulichungulia chini yake. Mke wangu alikaa safu ya kwanza, amependeza, anajivunia mumewe. Mfukoni mwangu meno yalikuwa yananigonga ubavuni kila nikipiga hatua.

Mwenyekiti akawa anawakaribisha wageni. Mlango wa nyuma ukafunguka.

Akaingia Daktari. Nyuma yake mzee. Nyuma ya mzee, mama mmoja mfupi aliyeshika mkono wake.

Daktari aliponiona akanipungia mkono kwa furaha, kama mtu aliyekuletea zawadi. Namna yake ya kumwomba radhi mzee ilikuwa hiyo: kumleta asikilize santuri za zamani, kwenye sherehe ya fundi aliyempasulia meno. Baadaye nilikuja kujua kwamba hakumwambia hata jina la bendi. Hakulijua.

Wakaketi safu ya mwisho. Mzee alikuwa ameziba mdomo kwa leso, kama anavyofanya kila akiwa mbele ya watu. Mkewe alikaa kulia kwake, ili sikio la kushoto liwe upande wa mumewe. Mtu mmoja akawapa jalada. Mzee akalipapasa, akatafuta miwani mfukoni, akaikosa, akalipitisha kwa Daktari.

"Na sasa," Mwenyekiti akasema, "tuisikie."

Sindano ikashuka.

Tarumbeta ikaingia, safi, bila mkwaruzo hata mmoja. Nimesikiliza matoleo mapya mengi maishani mwangu, lakini sijawahi kumtazama mpigaji akilisikia la kwake. Mzee alishtuka akatazama huku na huku, kama mtu aliyeitwa jina lake mahali asipojulikana. Kisha akatazama mapaja yake. Vidole vikaanza kubonyeza juu ya goti.

Mkewe alikuwa ameinama mbele, kiganja nyuma ya sikio. Alikuwa anatabasamu na machozi yanamtoka bila yeye kuyafuta. Akauchukua mkono wa mumewe, ule wenye vidole vilivyokuwa vinabonyeza, akauweka shavuni.

Nikajiambia: basi, ameusikia. Nikajisamehe papo hapo. Ndivyo nilivyo, najisamehe upesi kuliko mtu yeyote ninayemjua.

Wimbo ukaisha. Makofi. Nikageuka kutafuta mlango wa pembeni, nikamwona Daktari. Alikuwa anasoma nyuma ya jalada. Nilijua amefika aya gani, kwa sababu uso ulikuwa unabadilika. Akaligeuza, akaitazama picha iliyo mbele ya jalada, picha aliyoletewa yeye kwanza Jumatatu, kabla yangu. Akamtazama mzee. Akanitazama mimi, na yale macho sitayasahau.

"Ndugu zangu," Mwenyekiti akasema, "tusimame. Tumfunue marehemu wetu, tumpe dakika moja ya ukimya."

Viti vikakwaruza sakafu. Ukumbi mzima ukasimama. Mzee naye akasimama, kwa adabu, akavua kofia, akainamisha kichwa. Nadhani alifikiri ni mwenzake mmoja wa bendi. Alisimama akijiombolezea mwenyewe bila kujua.

Shuka likaanguka.

Kimya.

Watu wasiosikia vizuri huongea kwa sauti kubwa. Mimi nilikuwa nimelisahau hilo.

"We mzee! Mbona wamekutia utepe mweusi?"

Vichwa vyote vikageuka. Mzee akainua uso, akaitazama picha, akautazama utepe. Leso ikabaki mdomoni.

"Mama, samahani," Mwenyekiti akasema kwa upole, "tuko kwenye ukimya wa marehemu."

"Eeh?"

"Marehemu, mama! Aliyefariki!"

"Nani aliyefariki? Huyo ni mume wangu! Nilikuwepo picha hiyo ikipigwa, nilimshikia koti! Huyu hapa!"

Minong'ono ikaanza. Watu wa redio wakainua vinasa sauti. Wakamtazama mzee, wakaitazama picha: kule kijana anacheka kwa mwanya wake, huku mzee aliyezama mashavu na kuziba mdomo. Hakuna aliyeona walipofanana. Mmoja wa wakusanyaji akacheka chini chini, akasema mama wa watu amechanganyikiwa.

Mwenyekiti akanigeukia, akitabasamu, akiwa na hakika na mimi.

"Majalada, wewe ndiye uliyemfuatilia marehemu mpaka mwisho wake. Hebu waeleze wageni."

Ukumbi ukanitazama. Mzee akanitazama. Alikuwa hajakasirika. Alifurahi kuniona, nakwambieni. Alifurahi kwamba kumbe kuna mtu anayemfahamu ndani ya chumba kile, fundi wake, atakayesimama aseme neno.

Nikaitazama picha, si mzee.

"Pumzi alifariki," nikasema. "Mama amemfananisha."

Mzee akaitoa leso mdomoni ili aseme. Akaona watu wanamtazama kinywa. Akairudisha. Mwongo nilikuwa mimi, na aliyeona haya mbele za watu alikuwa yeye.

"Tuendelee," Mwenyekiti akasema. "Wasaidieni wazee wetu watoke nje wapate hewa."

"Wasitoke," sauti ikasema.

Niliijua sauti ile kabla sijageuka. Mke wangu alikuwa ameondoka kitini, amesimama chini ya picha kubwa, uso karibu na kioo. Alikuwa anatazama mwanya.

Akaja mpaka nilipokuwa. Hakupaza sauti, lakini ukumbi ulikuwa kimya kiasi kwamba wa nyuma walisikia.

"Mume wangu. Jana nilikuuliza nani anaagiza mwanya."

"Twende tukaongee nyumbani," nikamnong'oneza.

"Toa."

"Mke wangu, tafadhali."

"Toa kilichomo mfukoni."

Alikuwa amenyoosha mkono. Nikaingiza wangu mfukoni. Nikatoa kitambaa cha kufutia santuri, kikafunguka chenyewe, meno yakawa wazi mbele ya wote, yakicheka kicheko kilekile cha kwenye picha.

Daktari akaziba uso kwa jalada. Mwenyekiti akaangalia meno, akaangalia picha, akaketi chini bila kutazama kama kiti kipo.

Mzee alikuja mbele polepole. Watu wakampisha. Mkewe alimfuata ameshika pindo la koti lake. Alipofika akayachukua meno kutoka kiganjani mwangu, akayasogeza karibu na macho, akapitisha ukucha katikati, pale nilipomwambia yamepasuka. Akapitisha tena. Kisha akasema kwa sauti ndogo, ile ya kibogoyo, nusu yake ikiwa pumzi:

"Kumbe hayakupasuka, mwanangu."

"Amesema nini?" mkewe akauliza.

Mzee alikuwa bado anayatazama meno. Mke wangu alikuwa ameinamisha kichwa.

Yule mama akanivuta mkono wa koti. Machozi ya wimbo yalikuwa hayajamkauka, na usoni hakuwa na shaka nami hata kidogo.

"Wewe uliye karibu, niambie. Amesema nini? Na haya meno umeyatoa wapi?" Akageuza kichwa, akaliinua sikio lake la kushoto kuelekea mdomoni kwangu. "Semea huku. Hili bado linasikia."

Nikainama.